Sifa ya Mshale wa Mbali

Kila mwaka, ninapowapa wanafunzi zoezi la kutunga hadithi yenye asili yake katika maisha ya jadi, hupata hadithi mbili tatu zenye msasi ndani yake, na karibu katika kila moja msasi huyo hupiga mshale wake kutoka mbali. Mnyama yuko ng'ambo ya mto, au juu ya kilima, au ni kitone tu cheusi penye upeo wa macho. Kijiji kizima kimekata tamaa. Shujaa anavuta upinde, upepo unatulia, mshale unakwenda kumchoma mnyama moyoni, naye anaanguka papo hapo bila ya kutoa sauti. Baada ya hapo hufuata ngoma, na mara nyingi harusi.

Kwa muda mrefu nilizisahihisha hadithi hizo kwa kuangalia sarufi na alama za uandishi, na mengine nikayaacha yapite. Mwaka mmoja sikuweza kuyaacha. Mwanafunzi mmoja, hodari wa lugha kuliko wenzake, alikuwa amempa shujaa wake masafa ya hatua mia mbili. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Je, kama aliukosa moyo akalipata tumbo?" Akaja na daftari lake mkononi, akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, akikosa hakuna hadithi." Kisha, alipoona kwamba sijakasirika, akaongeza, "Na Liyongo je? Yeye hakupiga mbali?"

Maswali hayo hayakuwa ya kitoto. La pili nitalirudia mwishoni, maana linahitaji kusomwa kwa makini kwa utenzi wenyewe. La kwanza ndilo lililonifanya niandike.

Katika masimulizi, katika maonyesho ya jukwaani na katika vitabu vyetu vya kusomea, tumezoea kuupima usasi wa upinde kwa masafa. Msasi bora ni yule ambaye mshale wake unafika mbali zaidi. Nami nadai kwamba kipimo hicho si cha wasasi. Ni cha watazamaji. Watu waliouishi usasi, na ambao watoto wao walilala na njaa mshale ulipokosea, walijipima kwa ukaribu waliouweza, na sababu zao zilikuwa za ufundi na za maadili kwa wakati mmoja.

Msomaji asidhani kwamba napinga chuku. Chuku ni haki ya msimulizi tangu jadi, na fasihi simulizi isiyokuwa na chuku ni kama mchuzi usiotiwa chumvi. Lakini chuku haikuzi mambo ovyo ovyo. Hukikuza kile ambacho jamii inakiogopa au inakitamani. Tunapolikuza jitu tunawaambia watoto waogope msitu wakati wa usiku; tunapoukuza werevu wa sungura tunawaambia kwamba mnyonge ana akili yake. Tunapoyakuza masafa ya mshale, je, tunawaambia nini? Tunawaambia kwamba kusogea karibu ni kazi ya wasiojua kulenga.

Ipo methali isemayo kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Hutumika kumliwaza mtu ambaye kitu chake kimeondoka mkononi kwa muda, na kwa maana hiyo ni methali njema. Ila mhakiki ana ruhusa ya kuuliza: mshale upi? Ule uliojichoma katika shina la mgunga utaokotwa kesho. Ule uliojichoma katika paja la pongo, naye pongo akaenda nao mabonde matatu na kufia kwenye kichaka ambacho hakuna mtu atakayekifikia isipokuwa fisi, huo umepotea, na umepoteza pamoja nao nyama ya watu na uhai uliotolewa bure. Lugha yetu inayo methali nyingine inayomfaa msasi zaidi, ijapokuwa ilitungwa kwa mambo ya nyumbani: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tuanze na upinde wenyewe, maana chombo kina ushahidi wake. Katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, katika nchi za mto Galana hadi Tsavo, wanaishi Waata, ambao vitabu vingi vya zamani vinawaita Waliangulu. Hawa walikuwa wasasi wa tembo kwa upinde na mshale wenye sumu. Pinde zao ni miongoni mwa pinde zenye nguvu kubwa zilizopata kupimwa: baadhi zilihitaji nguvu inayozidi uzito wa kilo 45 ili zivutwe hadi mwisho. Atakaye kujua maana ya tarakimu hiyo na alinyanyue nusu gunia la mahindi kwa vidole vitatu, kisha alishikilie hivyo huku akilenga bila ya mkono kutetemeka. Wanahistoria wa silaha huzilinganisha pinde hizo na zile kubwa za askari wa Uingereza wa karne za kati.

Mtu asiyezoea mambo haya, akiuona upinde wa namna hiyo ukutani katika jumba la makumbusho, atasema mara moja: kumbe, huu ulitupa mshale mbali sana. Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi. Lakini mwenye upinde huo hakuutumia kwa mbali. Alimnyatia tembo dhidi ya upepo hadi zikabaki hatua chache tu kati yake na mnyama ambaye, laiti angegeuka, angemkanyaga kama unyasi. Nguvu zote zile za upinde zilikuwa za kuusukuma mshale mzito upenye ngozi ya tembo, upite kati ya mbavu, na kuifikisha sumu ndani kabisa. Yaani upinde ulitengenezwa kwa ajili ya kina. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kupiga mbali kuliko karibu wapiga upinde wote wa nchi hizi alichagua kupiga kutoka mahali ambapo angeweza kuhesabu mikunjo ya ngozi ya mnyama.

Hapo pana funzo la uhakiki ambalo nalithamini. Umbo la chombo halitoshi kutueleza matumizi yake, wala matumizi hayatoshi kutueleza maadili yake. Inatupasa tumwone mtu akiwa nacho mkononi. Makumbusho hutuonyesha upinde, podo na mishale, na kibao kidogo chenye jina la kabila. Hatua zile za mwisho kuelekea kwa tembo hazina pa kutundikwa ukutani.

Sitaki kuwatakasa watu kupita kiasi. Ustadi uleule wa Waata ulitumiwa na wafanyabiashara wa pembe, na baada ya hifadhi ya Tsavo kuundwa mwaka 1948 wasasi hao waliitwa majangili. Kampeni ya mwaka 1956 na 1957 iliwatia wengi wao gerezani, na usasi wao haukuinuka tena. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na katika Tanzania kuwinda bila ya kibali ni kosa la jinai. Kupiga kwa karibu ni jambo linalohusu namna mnyama mmoja anavyokufa. Halisemi lolote juu ya idadi ya watakaokufa. Hayo ni maswali mawili, na anayelijibu moja asijidanganye kwamba amelijibu la pili.

Sasa nawaomba radhi walimu wa fizikia, kwa kuwa nitaingia katika shamba lao kwa dakika chache. Tuseme mshale wa upinde wa mti unakwenda mita 50 kwa sekunde, mwendo ambao ni wa kawaida kwa upinde mzuri. Mnyama aliye mita 20 utamfikia kwa muda wa sehemu nne za kumi za sekunde. Aliye mita 60 utamfikia baada ya sekunde moja na zaidi. Lakini sauti ya upote unapoachiwa husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo inamfikia yule wa mita 60 kabla hata ya sehemu mbili za kumi za sekunde kupita. Swala pala husikia, hushtuka, hujikunja magoti tayari kuruka, na bado mshale uko njiani, na sekunde nzima imebaki. Mahali palipokuwa moyo wakati wa kulenga, sasa pana uti wa mgongo, au pana tumbo, au hapana kitu.

Halafu kuna kuanguka kwa mshale. Kila kilichorushwa huvutwa na ardhi. Katika safari ya mita 20 mshale huo hushuka chini ya mstari wake kwa kadiri ya sentimita 80. Katika safari ya mita 60 hushuka kwa mita 7. Msasi anajua hivyo, naye huelekeza upinde juu ipasavyo, lakini ili aelekeze ipasavyo hana budi akisie masafa. Na makisio ya macho, kwenye mbuga isiyo na kipimo chochote, hukosea. Akikosea kwa sehemu moja katika kumi na mbili, basi kwa mnyama aliyemdhania yuko mita 20 mshale utakwenda chini ya shabaha kwa sentimita 7 hivi. Kwa yule aliyemdhania yuko mita 60, makosa yaleyale ya jicho yatauteremsha mshale zaidi ya nusu mita. Kifua cha swala pala hakifiki nusu mita toka mgongoni hadi kifuani chini. Maana yake ni kwamba kwa karibu kosa dogo husameheka, na kwa mbali kosa lilelile humhukumu mnyama kufa polepole.

Nasema kufa polepole kwa sababu mshale si risasi. Risasi huvunja na kutikisa mwili. Mshale hukata tu. Humwua mnyama kwa kumtoa damu, na ili damu itoke upesi ni lazima chembe ya mshale ifike mapafuni au moyoni. Ikifika tumboni, mnyama huondoka na maumivu yake na kuishi nayo kwa saa nyingi, pengine siku. Mwanafunzi wangu aliposema kwamba shujaa akikosa hakuna hadithi, hakujua kwamba kukosa kabisa ndilo jambo jema baada ya kupata. Balaa liko katikati, pale anapopata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba mababu zetu walikwisha kulitatua jambo hili kwa sumu. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita haraka. Sumu ya mshale, ambayo Kiswahili chenyewe huiita uchungu, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hupikwa kutokana na mti wa msunguti hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami. Huushika moyo wa mnyama na kuusimamisha. Kwa hiyo msasi mwenye sumu hahitaji kuupata moyo. Sumu huutafuta moyo yenyewe, mradi imefika kwenye damu. Je, basi hana ruhusa ya kupiga kutoka popote anapopenda?

Tuwaangalie Wahadza, walio kandokando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania, ambao baadhi yao wanaishi kwa upinde na kwa kuchimba mizizi na kurina asali hadi leo. Msomi James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, ameandika kwa kirefu juu ya vyombo vyao. Mhadza hana mshale wa aina moja. Anayo mishale ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, mishale yenye chembe pana za chuma isiyotiwa sumu, na mishale yenye chembe zilizopakwa sumu kwa ajili ya wanyama wakubwa. Chembe zenyewe hufuliwa kwa kugonga misumari ikiwa baridi, kazi ya subira kubwa. Sumu nayo hupikwa kutokana na mimea, na chembe hufungwa vizuri kwa ukanda wa ngozi ili isimdhuru mwenyewe wala isikauke. Mtu hatupi kitu kama hicho kichakani kwa kujaribu bahati.

Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa haba, Wahadza hujenga maficho karibu na visima vya wanyama na kukaa humo usiku. Mnyama huja mwenyewe hadi hatua chache, na wakati huo hakuna swali la masafa. Mchana hutembea peke yao au wawili wawili, huku wakisoma nyayo. Lakini jambo linalonigusa zaidi ni lile linalotendeka baada ya mshale wa sumu kumpata mnyama mkubwa. Msasi hakimbii kumfukuza. Huangalia vizuri mahali aliposimama na njia aliyoshika, kisha huacha saa kadhaa zipite, na mara nyingi hurudi kambini na kuwaleta wenzake, ndipo wafuate nyayo pamoja mpaka wampate. Kumfukuza upesi kungemfanya akimbie mbali zaidi.

Hapo ndipo jibu lilipo kwa wale wanaosema kwamba sumu inaruhusu masafa. Sumu imempunguzia msasi wajibu wa kulenga moyo, lakini imemwongezea wajibu wa kufuata. Na kufuata huanza kwa kujua. Aliyepiga kutoka hatua kumi na tano ameona mshale umeingia wapi na kwa kina gani. Ameona kama ni ngozi tu iliyochubuka au ni mwili uliochomwa. Ameiona alama ya kwanza ya kwato mchangani. Aliyepiga kutoka hatua mia moja anaona kundi limetimka, basi. Hajui kama amekosa, hajui kama amepata, na asiyejua hurudi nyumbani akijiambia kwamba amekosa, kwa kuwa jibu hilo halimtaki atembee siku nzima juani. Masafa humpa msasi ujinga ambao unamfaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kimaadili la mshale wa mbali, kubwa kuliko hata uwezekano wa kujeruhi, kwa sababu wa karibu naye hujeruhi mara nyingine. Ila wa karibu hawezi kusingizia kwamba hakuona.

Kipimo cha masafa, basi, kimetoka wapi? Sehemu yake ni yetu, kama nilivyokwisha kusema, kwa sababu wasikilizaji wa hadithi hawakuwapo msituni. Lakini sehemu nyingine imetoka katika namna watu wa nje walivyovikusanya na kuvipanga vitu vya mataifa mengine. Mfano wake uko Marekani, na una uhusiano na nchi yetu.

Mwaka 1911 alitokea katika mji wa Oroville, jimbo la California, mtu mmoja wa kabila la Wayahi, wa mwisho wa watu wake, ambao walikuwa wameuawa na walowezi. Alipelekwa kukaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco, na kwa kuwa hakutaja jina lake kwa wageni aliitwa Ishi, neno lenye maana ya mtu. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kutengeneza upinde na kuwinda. Pope ameeleza kwamba Ishi hakuwa hodari wa kulenga shabaha za mbali katika mashindano, wala hakuyajali. Ustadi wake ulikuwa mwingine: aliweza kukaa kimya muda mrefu, aliujua upepo, na kwa kubusu vidole vyake alitoa sauti ya sungura aliye mashakani, hadi wanyama wakaja wenyewe karibu naye.

Ishi alifariki mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha uchunguzi wake wa pinde za mataifa mbalimbali zilizokuwa katika makumbusho. Alizivuta moja moja, akapima uzito wake na umbali zilioutupa mshale, akaziandika kwa tarakimu. Ilikuwa kazi ya uangalifu na sina nia ya kuibeza. Lakini tazama kilichotokea: mwanafunzi wa mtu aliyewaita wanyama waje karibu alizipanga pinde za dunia kwa umbali. Upinde wa msituni uliotengenezwa kwa hatua kumi umewekwa katika orodha moja na upinde wa vita wa wapanda farasi, na ukashindwa, kama vile jembe lingeshindwa likipimwa kwa mbio.

Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walifika Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, huku mwenzao akisimama karibu na bunduki. Safari hiyo iliwapatia sifa kubwa kwao, hata chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1961 cha kuweka kumbukumbu za wanyama wakubwa waliouawa kwa upinde kikachukua majina ya wawili hao. Kwa haki yao, miongoni mwa wasasi wa Marekani wenyewe wapo wengi wanaofundisha kwamba raha ya upinde ni kusogea karibu. Ila tangu Holless Allen wa Missouri alipopewa hataza ya upinde wenye magurudumu mwaka 1969, na baadaye vikaja vipima masafa vya miale, mabishano hayajaisha: kama chombo kinaweza kuipata karatasi iliyo mita 90, kwa nini kisimpige paa aliye mita 90? Jibu liko katika hesabu ya awali. Hata mshale unaokwenda mita 90 kwa sekunde huchukua thuluthi mbili za sekunde kuzimaliza mita 60, na sauti bado inautangulia. Karatasi haisikii. Waingereza, kwa upande wao, wamelimaliza jambo kwa sheria. Ile ya mwaka 1981 imekataza kabisa kuua wanyama pori kwa upinde.

Yafaa niseme kwamba kupiga mbali ni ufundi mkubwa, na sipendi uonekane kuwa ni upuuzi. Watu wa Uturuki walikuwa na uwanja wao huko Istanbul, Okmeydani, maana yake uwanja wa mshale, ambako wapiga upinde walishindania masafa tu, na aliyevunja rekodi alisimamishiwa nguzo ya jiwe mahali mshale wake ulipoangukia. Mishale yao mingine ilipita mita 800. Huko hapakuwa na mnyama, na aliyeshindwa hakumdhuru mtu isipokuwa majivuno yake. Shule zetu zingefanya vyema kuwa na michezo kama hiyo.

Kuna mtu mmoja ambaye hoja yangu haimtoshi, nami sitamficha. Ni msasi mwenye njaa. Amezunguka siku tatu, watoto wanamngoja, na mnyama pekee aliyemwona amesimama mbali mahali pa wazi ambapo hawezi kunyatiwa. Nani atamwambia ashushe upinde wake? Mimi sina ujasiri huo. Naweza kusema tu kwamba yeye ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutopiga, kwa kuwa mshale wake ni mmoja kati ya wachache na mnyama aliyejeruhiwa leo hatarudi kisimani kesho. Na kwamba akipiga, atamfuata mpaka jua litue, maana njaa haimruhusu kujiambia kwamba amekosa. Tajiri anayepiga mbali kwa ajili ya picha hawezi kumtaja huyu kuwa shahidi wake.

Nimrudie Liyongo, kama nilivyoahidi. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwanafunzi wangu alikuwa anakumbuka tukio la mikoma. Wenzake waliotaka kumwua walipanga shirika la kula makoma, kila mtu apande mti kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo itakapofika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Aliuelekeza upinde wake juu ya mkoma mrefu na kuyaangusha matunda. Naam, ni mshale wa mbali, na ni wa ajabu; lakini ulipiga makoma. Mtunzi ameiweka sifa ya masafa mahali ambapo hapana damu, na waliotaka kupiga kiumbe hai kwa mbali, tena akiwa hawezi kujitetea, ni maadui wa shujaa. Nilipomsomea mwanafunzi sehemu hiyo alinyamaza, kisha akasema kwamba hata hivyo Liyongo aliuawa kwa karibu, tena na mwanawe. Ni kweli, na nilifurahi kwamba amelisema. Mwana alimchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Ukaribu ule haukuwa wa msasi, ambaye humsogelea mnyama mwenye masikio, pua na miguu ya kukimbilia, naye mnyama hushinda mara nyingi zaidi kuliko anavyoshindwa. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuaminiwa.

Lakini mwisho wa utenzi ndio ulionishika. Liyongo, akiwa na jeraha lake, alitwaa upinde na mishale akatoka hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akautega upinde kama aliye tayari kufuma, na katika hali hiyo roho ikamtoka. Watu wa mji walimwona kutoka mbali. Hawakuthubutu kusogea, wakakosa maji. Wakamwita mama yake aje amtulize, naye akamsihi, asijibiwe. Siku zikapita hivyo, mji mzima ukimtazama kwa mbali mtu aliyekwisha kufa na kumdhania yu hai, mpaka siku mwili ulipoanguka wenyewe, ndipo wakasogea wakaiona sindano.